Sambaza, Vilima na Mali ya Wote Katika Kalehe

Ziwa Kivu, ambalo maji yake huosha ukingo wa Kalehe, mashariki mwa Kongo, na kuutenga na kisiwa cha Idjwi, lilikuwa tangu kale ziwa kubwa lenye riziki haba. Milima ya moto ya Virunga ilipoliziba bonde ambalo mito yake ilielekea kaskazini, maji yalijaa, yakatafuta njia ya kusini, yakashuka kwa mto Ruzizi hadi ziwa Tanganyika. Lakini maporomoko ya mto huo ni makali, samaki wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda, na kwa hiyo maji ya katikati ya Kivu, yenye vijidudu tele, yalibaki bila samaki wa kuvila, nao Wahavu wa pwani wakavua karibu na nchi kavu tu.

Mwaka 1959, katika siku za mwisho za utawala wa Kibelgiji, dagaa wachanga wa Tanganyika, ambao wataalamu huwaita Limnothrissa miodon, walichukuliwa wakatiwa Kivu. Walizaana wakalienea ziwa lote, na watu wa kando zake wakawaita sambaza. Gharama ya kuwapandikiza haikulipwa na mvuvi yeyote wa Kalehe, wala hapana aliyeweza kumzuilia mtu manufaa yake. Kazi hiyo ilikuwa ya manufaa ya umma kwa maana kamili, kwa kuwa ilipokwisha tendeka, kufaidi kwa mmoja hakukumpunguzia mwingine fungu lake. Samaki mwenyewe hayuko hivyo: kapu lililopakiwa chomboni mwa huyu haliwi tena la yule, na hapo ndipo fadhila ya mwaka 1959 ilipogeuka kuwa mas'ala ya milki.

Uvuvi uliozuka ni wa kupendeza kuutazama. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mpana ukatandazwa chini yake, taa zikawashwa usiku, na wavuvi wakapiga makasia huku wakiimba. Mbalamwezi inapong'aa mwanga wa taa hauwavuti samaki, na kwa siku hizo ziwa hupata likizo ambayo hapana hakimu aliyeiamuru. Aghalabu hatari hutokea kwingine, karibu na ufuo, ambako sambaza wachanga hukulia. Huko hukokotwa hata vyandarua vya mbu, ambavyo tundu zake hazimwachi hata samaki mchanga kabisa. Naye anayekokota huchukua leo mlo wa wanawe, na hasara yake huwaangukia wenye mitumbwi walio mbali, wasiomwona wala kumjua. Simlaumu mwenye njaa, ila hesabu ya ziwa haimsamehi. Zaidi ya hayo, mpaka wa dola umelipasua ziwa: upande wa Rwanda uvuvi hufungwa kwa majira, na samaki walioachwa kukua huko huweza kuja wakavuliwa huku na watu wasiochangia subira hiyo.

Kuhusu mali ya wote ya namna hii, mwaka 1968 Garrett Hardin wa Marekani aliandika kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote hayana budi kuangamia, kwa kuwa kila mmoja hupata faida yake nzima na kuwagawia wenziwe hasara. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kuwa wenyeji wanaojuana, wenye haki ya kuweka masharti na uwezo wa kumwadhibu mvunjaji, wameyahifadhi mashamba, misitu na maji yao kwa karne nyingi; mwaka 2009 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Naamini historia ya Kalehe humshuhudia Ostrom. Katika vilima vya Bushi na Buhavu, nchi za Washi na Wahavu, mtu alipata ardhi kwa kalinzi, yaani kwa kumtolea mwami, mtawala wa jadi, ng'ombe au mali nyingine, naye mwami akawa mlinzi wa mipaka. Ulikuwa utaratibu mzito kwa maskini, lakini kila kilima kilikuwa na mtu wa kuulizwa. Amri ya 1885 ya Dola Huru ya Kongo iliyafanya mapori yaliyohesabiwa kuwa matupu kuwa mali ya dola, na sheria ya 20 Julai 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa ya taifa. Mwenye kuulizwa alidhoofishwa, na serikali iliyo mbali haikukaa mahali pake; basi miti ya miteremko ikakatwa kwa makaa, kwa mbao na kwa mashamba, kila mkataji akihesabu faida yake peke yake.

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko katika kijiji cha Nyamukubi, Kalehe, mvua kubwa ilishuka juu ya vilima hivyo. Mito ikatoka kingoni mwake, ikabeba udongo na mawe, ikafunika nyumba za Nyamukubi na za kijiji cha Bushushu. Waliokufa walizidi 400, na wengi hawakuonekana tena. Mvua haikutoka kwa mtu, lakini kasi ya maji juu ya mteremko usio na mizizi ilitokana kwa sehemu na faida ndogo ndogo za miaka mingi, ambazo aliyezipata hakutakiwa kulipa kitu kwa waliokaa bondeni. Anayepanda mti juu ya Nyamukubi leo huwakinga watu wa chini wasiojua hata jina lake. Miche, jasho na kiwanja ambacho angepanda mihogo ni vyake, na hadi sasa silijui baraza, si la mwami wala la serikali, linalowakusanyia wa chini mchango wa kumlipa.