JE, SHAHADA YA SIASA INALIPA? HESABU YA MIAKA SITINI

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Katika mkutano wetu uliopita, tulipokwisha kula chakula cha mchana, kijana mmoja wa Kidato cha Sita alinijia chini ya mti. Anasoma Historia, Jiografia na Kiswahili, kama nilivyosoma mimi. Akasema, "Shikamoo mzee. Nimesikia ulisoma Sayansi ya Siasa Chuo Kikuu. Je, inalipa?"

Nikamjibu kwamba elimu haina bei. Alinishukuru kwa adabu akaenda zake. Lakini njiani, ndani ya basi, niliona haya. Elimu yangu ilikuwa na bei, na bei hiyo nimeilipa kwa miaka mingi kutoka katika mshahara wangu. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nitaanza na historia, kwa sababu bila historia hesabu hii haieleweki.

Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru. Kilianza na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 14, katika jengo la TANU pale Lumumba, Dar es Salaam. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na masomo ya sanaa na sayansi za jamii, siasa ikiwemo, yakapata nafasi yake.

Thamani ya shahada wakati ule haikuhitaji mjadala. Mabwana Shauri wa Kiingereza walikuwa wakifunga mizigo, na viti vyao vilihitaji watu. Aliyehitimu hakutembea na bahasha ya vyeti mkononi. Serikali ndiyo iliyomtafuta. Tena ngazi za mishahara zilikuwa zile zile za kikoloni. Mwalimu Nyerere, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alionyesha kwamba mwaka 1961 mshahara wa juu kabisa serikalini, baada ya kodi, ulikuwa takriban mara 50 ya ule wa chini kabisa. Shahada ndiyo iliyokuwa njia ya kupanda ngazi hiyo.

Sasa tuje kwenye siku ambayo bei ya shahada ilijadiliwa hadharani. Mwaka 1966 Serikali ilitangaza kwamba wahitimu wote watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400 waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa na majoho yao mekundu. Bango moja lilidai kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka. Alisema mishahara ya wasomi na viongozi ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao, na wengi wao hawakurejea chuoni mpaka mwaka uliofuata.

Kisa hicho huelezwa kwa kawaida kama kisa cha uzalendo, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nakuomba, ndugu msomaji, ukitazame pia kama kisa cha hesabu. Wanafunzi wale walikuwa wameshajua bei ya shahada yao, nao waliona inapunguzwa kabla hawajaipokea. Mwalimu naye aliwauliza ni nani aliyeipanga bei hiyo. Jibu ni kwamba aliipanga mwajiri, na mwajiri alikuwa mmoja. Aliyepandisha ndiye aliyeweza kushusha.

Na ikashuka kweli. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwazuia viongozi kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kufikia mwaka 1976 ile tofauti ya mara 50 ilikuwa imepungua hadi takriban mara 9. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza kwamba mtu hataingia Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita, bali atafanya kazi kwanza. Kwa jambo la haki, sitaki kulaumu. Mkulima wa pamba ndiye aliyekuwa akilipia masomo yale, na hakuwa na shahada. Lakini kwa jambo la fedha, shahada ilikuwa imeanza kupungua uzito.

Miaka ya 1980 ikammaliza kabisa mtu wa mshahara. Bei za vitu zilipaa, maduka yalikuwa matupu, na mshahara wa mwezi haukufika katikati ya mwezi. Hapo ndipo afisa mwenye shahada alipofuga kuku nyuma ya nyumba ya Serikali, na mkewe akauza maandazi na barafu. Kuku walimlipa kuliko cheti. Baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na hasa katika miaka ya 1990, watumishi wengi walipunguzwa na ajira mpya zikasimamishwa. Mhitimu wa siasa, ambaye tangu 1964 alijua mwajiri mmoja tu, akaukuta mlango umefungwa.

Mlango mwingine ulifunguka kidogo mwaka 1992, vyama vingi viliporudi. Mwaka huo huo idara ya siasa pale Mlimani ilianzisha mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia, REDET, na baadaye mashirika yasiyo ya kiserikali yakahitaji watu wa kutazama uchaguzi na kuandika taarifa. Zilikuwa kazi za mkataba, lakini zilikuwa kazi.

Mimi niliingia chuoni mwaka 2001. Uchangiaji wa gharama ulikuwa umekwisha kuanza, na Serikali ilitukopesha fedha za chakula na malazi. Nasema "ilitukopesha", ingawa siku zile sisi wengi tuliziita pesa za Serikali, tukazila kama sadaka. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikapewa pia kazi ya kukusanya mikopo iliyotolewa tangu 1994. Makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi, na mwaka 2016 sheria ikayapandisha kuwa asilimia 15. Kwa miaka kadhaa deni liliongezwa pia asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha, mpaka Serikali ilipoifuta tozo hiyo mwaka 2021. Kosa la kutosoma nilichotia sahihi ni langu mwenyewe.

Nilihitimu mwaka 2004, nikakaa miaka miwili bila kazi ya kudumu. Mdogo wangu, ambaye baadhi yenu mnamkumbuka kwa mpira, alitoka hapa Kidato cha Nne mwaka 2000 akaingia gereji. Nilipoitwa kwenye usaili mwaka 2006, nauli alinipa yeye. Alikuwa na kiwanja na vyumba viwili vya bati; mimi nilikuwa na cheti na deni. Kwa miaka kama kumi ya kwanza, kila tulipohesabu, yeye alikuwa mbele.

Hesabu ilianza kugeuka mwaka 2014, alipovunjika mkono na gereji ikafungwa miezi minne. Mshahara wangu haukuwa mkubwa, lakini ulikuja kila mwezi, nao ndio uliolisha nyumba mbili. Nina bima, na nina pensheni mbele yangu, yeye hana.

Ni rahisi kufunga hesabu hapo na kusema shahada imeshinda. Ukweli ni kwamba kilichonilipa ni ajira, si shahada. Wapo wenzangu tuliokaa dawati moja Mlimani, wenye cheti kama changu na alama kunishinda, ambao hawakuitwa popote. Deni lao ni lile lile. Daktari au mwanasheria akikosa Serikali, mgonjwa na mteja wapo. Msomi wa siasa akikosa mwajiri, hana duka la kufungua kwa cheti kile. Ndivyo ilivyokuwa tangu 1966, na leo wahitimu ni wengi mno kuliko wale 400 walioandamana.

Basi kijana wangu wa chini ya mti, jibu ni hili. Inalipa kwa wachache, tena kwa kuchelewa, na inalipa kupitia mkono wa mwajiri. Ukiipenda, isome, mimi sijuti, maana imenifundisha kuuliza nani ameipanga bei. Lakini isome huku ukijua deni lako ni shilingi ngapi. Jifunze pamoja nayo jambo moja ambalo mtu atakulipa hata pasipo barua ya ajira: hesabu za fedha, takwimu, au ufundi wa mikono. Na usimdharau mwenzako anayekwenda gereji. Huenda ndiye atakayekupa nauli.

Mwaka huu nitakaa tena chini ya mti ule ule. Mwenye swali aje, nami sitasema tena kwamba elimu haina bei.