Mlango wa Kutokea: Mgeta, Dodoma na Mchezo wa Redio wa Mwaka 1993

Hivi karibuni wanafunzi wangu watatu walinisikilizisha tamthilia ya sauti waliyoitunga wenyewe. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi: binti anavaa miwani ya uhalisia pepe, anaingia katika mji usiokuwapo, na anapotaka kurudi anagundua kwamba hakuna mlango wa kutokea. Wakaniuliza kama historia yetu ina jambo la kufanana na hilo. Niliwajibu kwamba lipo, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake nikiwa mtoto Mgeta, bila kujua.

Mwezi Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Ulifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Meksiko: mhusika mwema, mhusika mwovu, na mhusika wa kati ambaye hubadilika polepole mbele ya msikilizaji. Mwovu wetu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Mkewe, Tunu, alianza akiwa mnyonge, akaja kujitegemea.

Mjomba alipofungua redio jioni, majirani walijaa uani. Dunia ya Mkwaju haikuwa mbali nasi, kwani malori yalipanda Uluguru kuchukua kabichi, karoti na njegere, kisha yakashuka Morogoro kuelekea Dar es Salaam. Wazee waliobishana kuhusu Tunu walikuwa, kwa hakika, wanabishana kuhusu binti zao. Mchezo ulipokwisha, tulitoka nao tukiwa na maneno ya kusemea mambo ambayo nyumbani hayakusemwa. Ulimwengu ule wa kubuni ulikuwa na mlango.

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni, nilisoma kazi za watafiti Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao. Humo nilikuta kwamba Dodoma haikuusikia mchezo ule. Tangu 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine saa ileile, ili mkoa huo uwe eneo la kulinganishia. Tofauti kati yetu na wao ndiyo iliyotumika kupima nguvu ya mchezo. Matokeo yalikuwa mazuri: matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kulikosikika mchezo. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikaanza kuusikia.

Sidharau utafiti huo. Bila ulinganisho, serikali ingetumia fedha kwa kubahatisha, na ushahidi ule ulisaidia michezo ya aina hiyo kuaminiwa katika nchi nyingine. Hata hivyo, UKIMWI ulikuwa ukiua, na miaka miwili si kipindi kifupi. Hakuna msikilizaji, wa Mgeta wala wa Dodoma, aliyechagua awe upande upi.

Hapa ndipo hadithi ya wanafunzi wangu inapogeuka. Sisi tulioingia katika dunia ya kubuni ndio tuliokuwa huru zaidi. Waliofungiwa ni wale walioachwa katika maisha yao ya kawaida, maana hawakujua kuwa maisha hayo yamekuwa sehemu ya jaribio. Mwaka 1955 Waluguru wa upande wa Matombo waliweza kuyapinga matuta ya lazima ya serikali ya kikoloni kwa sababu jembe walikuwa nalo mkononi. Kipindi kisichorushwa hakishikiki, hivyo hakipingiki.

Leo majaribio ya namna hiyo hufanywa kila siku kupitia simu zetu, na watumishi wa umma hutia saini miradi inayogawa wananchi katika makundi. Kabla ya saini, tuulize: nani ameelezwa, nani ameridhia, na atakayetaka kutoka atapitia wapi?

Nimewashauri wanafunzi wangu waongeze mhusika mmoja katika tamthilia yao: yule aliyeketi nje ya ule mji, mwenye ufunguo.