Fundi Akiwa Ndani: Nyumba Tatu za Sanaa na Jamii Zake

Jina Paa ya Paa humpa msikilizaji wa Kiswahili picha mbili kwa mpigo: paa yule mnyama wa porini mwenye miguu myembamba, na kupaa, kuiacha ardhi. Ndilo jina ambalo Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, aliipa pamoja na wenzake nyumba ya sanaa waliyoianzisha Nairobi mwaka 1965. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1968, Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi jijini New York, kulifunguliwa Studio Museum katika ukumbi wa kupanga, ghorofani juu ya duka. Mwaka 2008 Dar es Salaam nayo ikapata Nafasi Art Space, Mikocheni.

Nyumba hizi tatu hazikuigana, lakini zilizaliwa na haja moja. Wasanii walikosa pa kufanyia kazi na pa kuonyesha, na watu wa mitaani walizoea kuona kumbi za sanaa kuwa ni mahali pa wenyewe.

Kuna mapokeo mawili ya kutazama sanaa. Makumbusho ya Ulaya yalijengwa juu ya kitu kilichokamilika: muundaji ameshaondoka, kazi yake imewekwa nyuma ya kioo, mtazamaji anapita kimya. Mwambao wetu una desturi nyingine. Fundi wa milango wa Lamu au Unguja hufanya kazi mahali watu wanapopita, ubao umelala mbele yake, patasi mkononi. Mpita njia humwamkia, husimama akaliangalia ua likijitokeza kwenye mti, hutoa neno lake, kisha huenda zake. Siku mlango ule utakaposimamishwa, mtu huyo atauangalia kama jamaa anavyomwangalia mtoto aliyemjua tangu uchanga.

Naamini hapo ndipo ilipo siri ya nyumba ya sanaa ya jamii. Haitoshi picha za ukutani ziwaonyeshe watu wa mtaa. Ni lazima fundi mwenyewe awemo ndani, na kazi yake ionekane ingali mbichi.

Harlem walilijua hilo tangu mwanzo, na jina la nyumba yao linasema wazi: studio kwanza, makumbusho baadaye. Mchoraji William T. Williams ndiye aliyependekeza wasanii wapewe vyumba vya kufanyia kazi humo humo. Mpango huo ungali hai: kila kundi, kwa kawaida la watu watatu, hupata chumba na posho, kisha kazi zao huonyeshwa. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mmoja wao mwaka 2003 na 2004. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba zilisimamishwa mbele ya Metropolitan Museum, jumba kuu la sanaa la jiji lile lile.

Nafasi imelishika jambo hilo kwa namna yake. Karakana zake ni makontena, yale ya kusafirishia mizigo melini. Mgeni anayekwenda kuona onyesho hupita milangoni mwa watu walio kazini, na anaweza kumwuliza mchoraji kwa nini ameacha kona ile wazi. Jina lenyewe lina maana mbili: uwazi wa kukaa, na fursa.

Ukaribu huu hauna maana kwamba msanii awape watu wanachokitarajia tu. Onyesho la kwanza la Harlem lilikuwa la Tom Lloyd, aliyeunda kazi zake kwa balbu za umeme na vifuniko vya plastiki vya rangi, zikiwaka na kuzimika kwa mpangilio. Kazi hizo hazikuwa na sura ya mtu wala hadithi ya mtaa, na baadhi ya watazamaji hawakuridhika. Lloyd hakuwapa kisogo. Mwaka 1971 alifungua makumbusho madogo dukani, Store Front Museum, huko Queens, kwa ajili ya majirani zake. Mtu yule yule aliyefanya sanaa ngumu kueleweka ndiye aliyeipeleka mlangoni mwa watu. Jamii inastahili kuletewa jambo jipya, na msanii anawajibika kukaa nayo hadi walizungumze.

Tofauti kubwa iko kwenye utunzaji. Paa ya Paa ilihamia Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu, ikaendelea kupokea wachoraji, waandishi na watoto. Mwaka 1997 moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi na vitabu vyake. Harlem, kwa upande wake, imekusanya kazi zipatazo 9,000, na Novemba 2025 ilifungua jengo jipya lililojengwa mahususi kwa ajili yake katika Mtaa wa 125. Roho ya nyumba hizi ni moja. Kilichozitenganisha ni ghala, orodha na fedha za kulinda kilichoundwa. Afrika Mashariki tuna fundi aliye ndani, tena kwa wingi, lakini kazi zake huuzwa zikasambaa, au huharibika, na mjukuu hazikuti.

Basi ukienda Nafasi au Paa ya Paa, usiishie kutazama. Muulize fundi jina la kazi yake na mwaka alioifanya, uandike. Ukiwa na uwezo, nunua moja uitunze vizuri. Na wenye dhamana ya bajeti za utamaduni waweke fungu la kuhifadhi kazi za walio hai, wasingoje wafe. Tom Lloyd alifariki mwaka 1996. Jengo jipya la Harlem lilipofunguliwa, taa zake zilikuwa miongoni mwa maonyesho ya kwanza, zikiwaka miaka 57 baada ya onyesho lile la kwanza, kwa sababu kuna watu walizitunza.