Wanawake wa Rufiji na Vyama Vyao vya Hisani

Asomaye habari za kale za Rufiji hukutana kwanza na vita. Hukutana na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya Wajerumani katika mwaka 1905. Kisha hukutana na manowari Königsberg, iliyojificha katika matawi ya mto hata ikaangamizwa mwezi wa Julai 1915. Na baada ya hayo hukutana na majahazi yaliyoshuka kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, yakichukua boriti za mikoko mpaka Arabuni na Ghuba. Hayo yote ni kweli, nayo yastahili kusomwa. Walakini katika kurasa hizo mwanamke haonekani ila kwa nadra, na aonekanapo huwa yumo shambani ama jikoni, pasipo jina wala shauri, ilhali wanawake wa Mrima, yaani pwani hii ya bara, walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, vyenye viongozi, michango na ada zake. Muradi wa makala haya ni kubainisha kwamba vyama hivyo ndivyo vilivyoupa msingi mwendo wa uhuru, na serikali iliyofuata baada yake, na kwamba deni hilo halijatajwa ipasavyo hata leo.

Yafaa kuanza na ardhi yenyewe, maana huko ndiko ulikozaliwa wajibu wa kusaidiana. Mto Rufiji, ukiisha kukusanya maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu, huingia baharini kwa milango mingi, ikiwamo Simba Uranga, Kikunya na Msala, na kati ya milango hiyo imesimama misitu ya mikoko ipatayo hekta 50,000, mikubwa kupita misitu yote ya namna hiyo katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Visiwa vya delta pamoja na sehemu ya nchi ya kaskazini ya mto leo vimo katika wilaya ya Kibiti, iliyokatwa kutoka wilaya kongwe ya Rufiji katika miaka hii ya karibuni. Bali desturi za watu hazikukatwa kwa mpaka huo, kwa sababu Warufiji, Wandengereko, Wamatumbi na Wanyagatwa wameoana na kuzikana tangu zamani.

Mpunga wa bondeni hupandwa kwa mvua za vuli, ukanyweshwa na mafuriko ya masika, ukavunwa maji yakiisha kupungua. Na unyevu ubakiao ndio unaopandwa mahindi na kunde katika kilimo kiitwacho mlao. Kwa muda wa miezi kadhaa mama wa nyumba huhama pamoja na watoto wake na kwenda kukaa dunguni, yaani katika kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini yake, na hapo hufukuza ndege tangu alfajiri mpaka magharibi, kisha usiku huwasha moto na kupiga debe ili nguruwe na viboko wasiingie shambani. Akipata homa, au akijifungua katikati ya msimu, shamba zima laweza kupotea kwa siku mbili tatu. Kwa hiyo ikawa ada kwamba walio na madungu jirani humlindia mwenzao, humpalilia na kumvunia kwa zamu, wala haulizwi malipo. Huulizwa tu, siku ya mwenziwe ikifika, kama naye atatokea. Huo ndio ujima, na asiyeutimiza hapigwi wala hashtakiwi, ila atajikuta peke yake siku ya haja, na adhabu hiyo ilitosha.

Wajibu huo ulionekana zaidi katika misiba. Katika vijiji vya delta mwili haungojewi muda mrefu, na habari huchukuliwa kwa mtumbwi, na mtumbwi hungoja maji kujaa, maana yakipwa vijito vyote huwa tope. Hivyo wanawake hujua saa za maji kama wanaume wavuvi wazijuavyo, na hupanga safari, mapishi na malazi ya wageni kwa kuzifuata. Mmoja huenda kuteka maji matamu kwa mtumbwi, wengine hushika mchi na kinu, wengine hukuna nazi. Na yuko mmoja, aghalabu mtu mzima asiyesema sana, ambaye kazi yake ni kukumbuka nani ameleta vibaba vingapi vya mchele, nani ameleta kuni, na nani hakuja kabisa. Zamani hesabu hiyo ilikaa kichwani. Leo imo katika daftari. Mtunza hazina yeyote wa chama cha mjini angeitambua kazi hiyo kuwa ni yake.

Sambamba na ujima na maziko, pwani yote ilikuwa na vyama vya ngoma. Lelemama ilichezwa tangu Lamu na Mombasa mpaka Unguja na miji ya Mrima, na chama cha lelemama hakikuwa mahali pa kucheza tu. Kilikuwa na vyeo vilivyopandwa kwa karamu na michango. Kilikuwa na sare, tena wanawake wote wa chama wakivaa kanga za namna moja. Kilikuwa na mtunzi wa nyimbo, na mashindano makali na chama pinzani. Na mwanachama akifiwa, akiuguliwa au akioza mwana, wenzake walimwendea kwa mali na kwa mikono. Wanaume nao walikuwa na ngoma zao za beni, Marini na Arinoti, ambazo zimeandikwa sana katika vitabu. Vyama vya wanawake vimeandikwa kidogo, ingawa vilifundisha mambo ambayo hakuna shule ya zama hizo iliyomfundisha mwanamke wa Kiafrika: kusema mbele ya halaiki, kuchagua kiongozi na kumwondoa, kukusanya fedha na kuitolea hesabu. Huko Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya wanawake waliolelewa katika lelemama waliunda jumuiya za wanawake wa Kiislamu zenye kushughulikia elimu na huduma, na jambo hilo ni ushahidi kwamba njia ya kutoka ngomani hadi katika utumishi wa umma ilikuwa fupi.

Serikali ya Kiingereza ilipotaka kuwafikia wanawake, haikupita njia hiyo. Mwaka 1951 mke wa Gavana, Lady Twining, aliasisi Baraza la Wanawake wa Tanganyika, na chini ya baraza hilo na idara ya maendeleo vikafunguliwa vilabu vya kufundisha ushonaji, ufumaji, upishi na usafi wa nyumba. Hatuna sababu ya kuzidharau elimu hizo, kwani mwenye kushona nguo za wanawe amepunguza gharama. Walakini vilabu hivyo vilimdhania mwanamke kuwa ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa, havikumwuliza alikuwa na nini tayari, na kwa sababu hiyo havikuenea sana miongoni mwa wanawake wa kawaida wa pwani.

TANU, chama cha kudai uhuru kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, nayo ilikawia kulitambua jambo hili. Yasimuliwa kwamba mwaka 1955 mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipofika Dar es Salaam aliuliza wako wapi wanawake wa TANU, na viongozi hawakuwa na jibu la haraka. Ndipo alipoitwa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1926, mwenye kadi ya TANU nambari 16, na mwimbaji mkuu katika chama cha ngoma kilichoitwa Bomba. Yeye na wenzake, miongoni mwao Tatu binti Mzee, hawakwenda kuhubiri nyumba kwa nyumba kwa watu wasiowajua. Waliwaendea kwanza viongozi wa vyama vya ngoma, na viongozi hao wakawaita wanachama wao, kama walivyowaita siku zote kwa arusi na matanga. Kufikia Oktoba 1955 yaelezwa kwamba wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameandikishwa, na muda uliopita ulikuwa miezi mitatu. Wengi wao walikuwa Waislamu, watu wazima, waliosoma kidogo au hawakusoma kabisa, wakijipatia riziki kwa kuuza maandazi, vitumbua na samaki. Na kwa kuwa Warufiji na Wandengereko walikuwa wengi katika mji ule, ada za bondeni zilikuwa zimekwisha kuhamia Kariakoo na Ilala pamoja nao. Mtu hawezi kuwakusanya watu elfu tano kwa miezi mitatu ila wawe wamekwisha kukusanyika.

Mambo haya yana nduguye ng'ambo ya bahari. Wanawake weusi wa Marekani, waliotengwa na vyama vya wanawake wa kizungu, waliunganisha vilabu vyao mwaka 1896 katika jumuiya moja ya taifa, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Mary Church Terrell. Na mwaka 1935 Mary McLeod Bethune akaasisi baraza la taifa la wanawake weusi. Vilabu hivyo vililea yatima, viliuguza wazee, vilifungua shule za watoto wadogo, na hatimaye vikawa nguzo ya madai ya haki. Hakuna aliyeiga kwa mwenziwe. Wanawake walionyimwa hazina ya serikali, kule na huku, waliunda hazina yao wenyewe, na kutoka katika kuhudumiana wakapata nguvu ya kudai.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, vyama vya wanawake viliunganishwa katika Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Muungano huo ulileta fadhila nyingi, kwa maana sauti moja husikika kuliko sauti mia zilizotawanyika, na matawi ya UWT yalifungua madarasa, vituo vya watoto na maduka ya ushirika. Lakini chama kilichokuwa chini ya wanachama wake sasa kilikuwa chini ya chama kikubwa zaidi, na amri zilianza kushuka kutoka juu pale ambapo zamani shauri lilipanda kutoka chini. Bibi Titi mwenyewe alikikosa kiti cha ubunge huko Rufiji katika uchaguzi wa 1965. Mwaka 1967 akajiuzulu. Mwaka 1969 akatiwa mbaroni kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akaachiliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi baadaye jina lake lilitajwa kwa uchache, na wanawake waliomfuata, ambao hawakuwa na jina kubwa, walisahauliwa pamoja naye.

Rufiji nayo ilipatwa na mtihani wake. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu kwa maelfu kutoka bondeni kwenda miinuko ya kaskazini na kusini ya mto, katika kazi iliyojulikana kwa jina la Operesheni Rufiji, na vijiji vya ujamaa vikasimama. Muradi ulikuwa mwema: shule, zahanati, na usalama wa roho za watu. Lakini mashamba yalibaki bondeni, na mwendo wa kwenda na kurudi uliongezwa juu ya kazi za mwanamke, na majirani wa dungu hawakuwa tena lazima majirani wa nyumba. Hata hivyo, ulipotangazwa mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya Mtu ni Afya ilipofuata mwaka 1973, watu wakiketi kwa vikundi kusikiliza redio na kisha kuchimba vyoo, wanawake walikuwa wengi katika madarasa na katika vikundi; na nchi ambayo kabla ya hapo watu wazima wake takriban wawili katika kila watatu hawakujua kusoma, ilihesabiwa mwaka 1986 kuwa na mmoja tu katika kumi. Mtu aliyezoea kuitika mwito wa jirani hakupata shida kuitika mwito wa darasa.

Katika zama zetu jina limebadilika tena. Upatu uliochezwa tangu zamani umekaa pamoja na vikoba, ambavyo utaratibu wake wa kuweka na kukopeshana ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukaingia Tanzania katika miaka ya 2000. Vimo vikundi vya kusuka mikeka ya ukindu na miyaa, na vya kupanda mikoko pale ilipokatwa; na mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, msaada wa serikali ulihitajiwa sana, lakini chungu cha kwanza kilichoinjikwa kwa ajili ya waliohama kilikuwa, kama ilivyo siku zote katika nchi hii, chungu cha jirani.

Waletao miradi huandika kwamba wameviunda vikundi vya wanawake, na yamkini wanasema kweli kwa kadiri ya katiba na mihuri. Kabla ya katiba na muhuri ulikuwako ujima, ilikuwako lelemama, na alikuwako yule mama wa vibaba aliyekumbuka mchango wa kila mtu. Na lau visingalikuwako hivyo, muhuri ungalipigwa juu ya karatasi tupu. Haki ya historia ni kwamba mwenye kazi atajwe kwa kazi yake. Wazee waliocheza lelemama, walioandikisha wenzao TANU, na walioshika madaftari ya UWT katika vijiji vya Utete, Ikwiriri, Muhoro, Bungu, Nyamisati na visiwa vya delta wanazidi kupungua kila mwaka. Walimu wa shule za sekondari wawatume wanafunzi wao kwa bibi zao na kalamu mkononi. Halmashauri za Rufiji na Kibiti ziyatunze madaftari ya zamani ya vyama na kuyaweka penye maktaba. Na majina yaandikwe kwa ukamilifu, jina la mtu na la babaye, jina la chama chake, na cheo alichokishika. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na walio hai wa kuisimulia bado wako.