Skuli za Wakimbizi wa Nyarugusu
Kambi ya Nyarugusu, iliyoko wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, na humo walimu wakimbizi, wakiauniwa na kamati za wazazi, wamekuwa wakisomesha kwa Kifaransa kwa kufuata mitaala ya Kongo, ili mtoto arejeapo kwao ilimu yake isije ikapotea bure. Walipoingia Warundi kwa wingi mwaka 2015, madarasa mengi yalikuwa chini ya miti, ubao umeegemezwa shinani, na mvua iliponyesha masomo yalikatika. Mwalimu mkimbizi hapokei mshahara kamili bali posho ndogo. Kwa hiyo msaada wenye manufaa zaidi ni posho, vitabu, na shahada zinazokubaliwa na serikali ya nchi atokako mwanafunzi.