Kitabu cha Pili Kilihitaji Mchawi

Desemba iliyopita nilimsomea nyanya yangu mpango wa kitabu changu cha pili. Kile cha kwanza, riwaya ya fantasia niliyoichapisha kwa pesa za kuandikia watu makala, kiliisha shujaa akiwa amesimama mlangoni mwa pango. Wasomaji wake, tuseme mia mbili hivi na nusu yao marafiki, walikuwa wananisumbua: mwendelezo uko wapi? Basi nikapanda matatu hadi Nyamira na daftari langu. Shujaa nilikuwa naye, ramani ninayo, hata jina la upanga nilikuwa nalo. Adui alikuwa bibi kizee anayeishi ndani ya mwamba wa Manga, macho mekundu, anafuga fisi na kula roho za watoto.

Nyanya alisikiliza hadi mwisho huku anachambua chinsaga. Kisha akauliza, "Na huyo mong'ina mwishowe mnamfanya nini?"

"Anachomwa, magokoro. Kijiji kizima kinakuja usiku na mienge."

Akanyamaza kidogo. "Hata mimi macho yangu ni mekundu, baba," akasema. "Ni moshi wa hii jiko."

Nililala vibaya siku hiyo. Mtu aliyekulia Nairobi anaweza kuandika tukio kama lile akadhani ameiga sinema. Mtu wa Gusii hana kisingizio hicho. Mei 2008, huko Nyakeo, Kisii, kundi la watu lilipita nyumba kwa nyumba usiku na kuwachoma moto watu 11, wengi wao wanawake wazee, kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021 ikawa Marani: wanawake wanne wazee, siku moja. Na hizo ni zile tu zilizofika kwenye habari za taifa. Ukiuliza watu wa huko kwa utaratibu, bila kuwarekodi, mara nyingi hadithi inaanza na mtoto mgonjwa au kifo cha ghafla na inaishia kwa shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii. Ekari moja ya mjane ni kitu cha kutamaniwa.

Kwa hivyo ile sura ya mienge niliikata. Lakini kitabu cha pili bila adui hakiendi, na hapo ndipo nilipoanza kusoma historia. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kusema kweli nimesoma historia nyingi zaidi tangu nitoke kuliko nilipokuwa ndani.

Nilianza na maneno. Ekegusii hakimwiti kila mtu mwenye nguvu za ajabu mchawi. Kuna omorogi, huyo wa usiku anayedhuru. Kuna omoragori, mwaguzi, anayeona kilichofichika na kusema kinachohitajika. Kuna omobari, fundi wa vichwa, ambaye mtu akipigwa rungu na maumivu yakakataa kuisha, anapasua ngozi ya kichwa, anakwangua mfupa mpaka shinikizo lipungue, na mgonjwa anaamka. Madaktari wa kigeni walikuja kushangaa na kuandika juu ya ufundi huo karne ya 20. Sasa chukua watu hawa umkabidhi karani Mwingereza wa mwaka 1908. Neno lake kwa mganga lilikuwa na mchawi ndani yake tayari. Wote wakaingia kapu moja.

Sisemi mzungu ndiye aliyetuletea omorogi. Hapana. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na familia za Nyansongo katikati ya miaka ya 1950, alikuta hofu ya wachawi ikiwa sehemu ya maisha ya kila siku, na anayeshukiwa kwa kawaida alikuwa mwanamke. Hilo ni letu. Ila nilitaka kujua kama kwenye historia yetu kuna mwanamke mzee mwenye nguvu ambaye hadithi yake haiishii motoni.

Yuko. Anaitwa Moraa, moka Ngiti, mke wa Ngiti, omoragori wa Kitutu.

Uingereza iliingia Gusii kwa bunduki mwaka 1905. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwepo, aliandika baadaye kwamba bunduki ya rashasha ilipigwa hadi ikapata moto wa kuunguza mkono, huku vijana wakiikimbilia kwa mikuki. Miaka miwili baadaye kituo cha serikali kikajengwa Getembe, mahali ambapo watu walianza kupaita Bosongo, kwa wazungu. Ndio mji wa Kisii wa leo. Mkubwa wa kituo alikuwa kijana aitwaye Geoffry Northcote.

Moraa hakuwakubali hata siku moja. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wanaume wa Kitutu kama wameogopa wabaki nyumbani na kuvaa nguo za wanawake, yeye na wenzake waende vitani. Aliyesikia zaidi alikuwa Otenyo Nyamaterere. Moraa akampa dawa ya kinga na baraka. Januari 1908 Otenyo alivizia njiani na kumchoma Northcote mkuki.

Northcote hakufa. Kilichofuata kinajulikana kwa kila mtoto wa Gusii aliyewahi kukaa na babu yake: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, watu wakapigwa risasi. Ripoti zilipofika London, Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliona hesabu ya watu 160 waliouawa upande mmoja na akaandika kwa ukali kwamba hiyo inafanana na uchinjaji. Usimpongeze mapema. Katika maelezo yale yale alihofia bunge likijua mipango yao ya Afrika Mashariki itaingia doa.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Mapokeo ya Gusii yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na ukoo wake umekuwa ukikidai. 

Na Northcote? Yeye ndiye aliyepata mwendelezo. Alipona, akapanda cheo koloni baada ya koloni, na kutoka 1937 hadi 1941 alikuwa gavana wa Hong Kong. Nilipokuta habari hiyo nilicheka peke yangu saa saba usiku, kicheko kibaya. Kitabu cha kwanza cha Gusii kilimwacha mhusika mmoja na kovu na mwingine bila kichwa, halafu cha pili kikafunguliwa kwenye ikulu ya Hong Kong.

Lakini watu waliobaki walikuwa na kitabu chao.

Kabla ya haya yote alikuwepo Sakawa, mtabiri wa Kitutu. Inasimuliwa kwamba aliwakusanya watu pale Getembe na kuwaonyesha, kwa vijiti, mahali ambapo wageni wangejenga: hapa polisi, hapa hospitali. Mwanzoni mwa karne alitoweka. Wengi walikataa kusema amekufa, walisema atarudi. Ukiandika fantasia unajua maana ya mhusika kutoweka bila maiti: mwandishi amejiwekea akiba.

Mwaka 1913, upande wa Alego kwa Waluo, mtu aitwaye Onyango Dunde alisimulia kwamba nyoka mkubwa alitoka ziwani, nyoka ambaye akisimama kichwa chake kinafika mawinguni, akammeza na kumtema mzima. Nyoka huyo ni Mumbo. Ujumbe wake: acheni nguo za wazungu, acheni kuwafanyia kazi, chinjeni mle, nyinyi mtapewa; wazungu wataondoka. Ujumbe ukavuka hadi Gusii na kukutana na Sakawa. Na tarehe 12 Septemba 1914 ilipofika, Wajerumani wakiwa wamepanda kutoka koloni lao upande wa kusini, Waingereza wameuacha mji na kurudi kuupigania, watu walioona Bosongo tupu walifanya nini? Waliingia wakachukua kila kitu. Unabii ulikuwa umetimia mbele ya macho yao. Siku chache tu.

Adhabu ilikuwa kubwa. Waingereza walirudi, ng'ombe wakachukuliwa tena, vijana wakasombwa kubeba mizigo ya vita. Viongozi wa Mumbo walikuja kuhamishwa mbali hadi pwani, na bado serikali ilikuwa inaipiga marufuku dini hiyo mwaka 1954, miaka 41 baada ya nyoka. Wataalamu wameiita dini ya walioshindwa. Mimi naona pia kazi ya utunzi. Watu waliopigwa 1905 na 1908 walichukua mtabiri aliyetoweka, wakamwongezea nyoka wa jirani na tukio la vita la juzi, wakatengeneza sehemu ya pili ambamo wao ndio wanaobaki.

Hapo kuna mtego, na nilitumbukia. Wiki nzima niliandika sura ambamo dawa ya Moraa inafanya kazi. Risasi zinadondoka kama mvua, Northcote anakimbia, Otenyo anarudi nyumbani na kichwa chake. Ilikuwa tamu kuandika. Kisha nikaisoma tena nikaona nimewafuta watu 160. Ebrahim Hussein alikutana na swali hili kwenye tamthilia yake ya Kinjeketile, 1969, kuhusu vita vya Maji Maji: maji hayazuii risasi, na yule aliyeyatoa anajua, lakini akikiri, atakuwa amewaambia wajukuu kwamba waliopigana walikosea. Hussein aliacha risasi ziue. Mimi sina kipaji chake, ila nimeamua hivyo hivyo: kwenye kitabu changu dawa haizuii risasi. Inafanya kitu kingine, ambacho sijamaliza kukielewa.

Mpango wa sasa uko hivi. Adui wangu ni karani. Hana macho mekundu, ana mwandiko mzuri, na kila anayemwandika kwa jina lisilo lake anaanza kugeuka kuwa jina hilo. Aliyeandikwa mchawi, majirani wanaanza kumwona mchawi. Bibi wa Manga amehama pangoni. Ni omoragori, na anatembea na omobari kijana, msichana mwenye mikono mitulivu. Wanatafuta kichwa. Siandiki kinapatikana wapi, kwa sababu kuna watu halisi ambao bado wanakisubiri, na sitaki mjukuu wa mtu asome kitabu cha fantasia akakuta nimemzikia babu yake kwa niaba yake. Otenyo mwenyewe hatakuwemo kwa jina. Moraa sijaamua.

Mienge bado iko, kwa sababu usiku wa Nyakeo ulitokea na sitaki kujifanya haukutokea. Ila sasa msomaji anauona akiwa ndani ya nyumba, sio nje na umati. Ni sura ngumu kuliko zote. Nimeiandika mara nne.

Mwezi wa nne nilirudi Nyamira na kumsomea nyanya nilichonacho. Sehemu ya karani aliipenda, akasema anamjua mmoja, chifu msaidizi fulani wa zamani ambaye sitamtaja. Sura ya mienge alisikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya ungo. Nilipomaliza aliuliza kama yule mong'ina ana komeo kwa mlango. Nikasema sijaandika.

"Andika," akasema. "La chuma. Na liwe ndani."