Maharusi wa Njia ya Lindi



Siku hizi tunasikia habari za maharusi ambao hawataki seti ya pili ya dhahabu. Wanataka tiketi. Mume na mke wanaweka fedha pamoja mwaka mzima, wanaomba likizo ndefu wakati wa kiangazi cha Ulaya, wanatia kila kitu ndani ya mabegi mawili ya mgongoni na kuondoka kwa miezi miwili au mitatu. Akina mama wanashika kichwa. Mwanangu atalala wapi? Atakula nini? Ndoa gani hii inayoanza kwa kuhangaika njiani? Kisha hatokosi shangazi wa kumaliza maneno: haya ni mambo ya kizungu, kwetu hayakuwepo.

Hilo la shangazi ndilo tunalotaka kulitazama leo, na kwa hilo hatutaanza na Paris wala Istanbul. Tutaanza na Milola.

Wengi wetu huku visiwani tukisikia Lindi tunafikiria bandari na minazi. Milola iko bara, nyuma ya mji, katika nchi ya Wamwera, nchi ya korosho na ufuta. Na nchi hiyo yote ya bara ya Lindi na Kilwa imejaa njia za miguu za zamani. Katika karne ya 19 misafara ilikuwa ikishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje na Lindi, ikileta pembe za ndovu na, tuseme ukweli, ikileta watu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na wengi walioletwa Unguja wakati huo walipitia pale. Kwa hiyo tukizungumza juu ya wanawake waliotembea siku nyingi katika nchi hii, wengi wao hawakuwa wasafiri. Hawakuchagua. Baadhi ya mabibi zetu wa hapa visiwani walifika kwa njia hiyo, na zipo nyumba ambazo mpaka leo jambo hilo halitajwi.

Lakini wapo pia waliotembea kwa hiari yao. Katika misafara ya wapagazi ya Afrika Mashariki walikuwemo wake waliofuatana na waume zao, wamebeba vyungu, chakula na watoto, na jioni wao ndio waliopika kambini. Mume na mke, mzigo na safari ya miezi. Shangazi, hayo yalikuwepo kwetu kabla hajazaliwa mtalii wa kwanza.

Sasa tuje kwa wanandoa tuliowakusudia hasa, nao kwa kweli walikuwa Wazungu. Tumewachagua kwa sababu safari yao ya ndoa iliwaleta huko huko bara ya Lindi.

Bibi Ina von Grumbkow alizaliwa Ujerumani mwaka 1872. Alichumbiwa na mtaalamu wa miamba aitwaye Walther von Knebel. Mwezi wa Julai 1907 mchumba wake huyo, pamoja na mchoraji Max Rudloff, alipotea katika ziwa la Askja, ndani kabisa ya nchi ya Iceland, na miili yao haikupatikana. Mtu mwingine angelia nyumbani. Bibi Ina alifunga safari. Kiangazi cha 1908 alikwenda Iceland kutafuta kilichompata mchumba wake, akifuatana na kijana mwanajiolojia Hans Reck na kiongozi wa njia mwenyeji wa huko, wakapanda farasi kwa wiki kadhaa kwenye jangwa la mawe meusi ya volkano. Hakumpata. Walijenga lundo la mawe la kumbukumbu kando ya ziwa, wakarudi. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha safari hiyo, akakiita Ísafold.

Mwaka 1912 aliolewa na yule kijana, Hans Reck, aliyezaliwa 1886. Ndiyo, bibi harusi alimzidi bwana harusi miaka 14. Kwetu sisi tunaomjua Bibi Khadija (r.a.), hilo si la kumfanya mtu aweke mkono mdomoni. Lile la kusafiri wiki kadhaa jangwani na mwanamume asiye mume wala maharimu ni jambo jengine, na hukumu yake tunaijua. Hatumsimulii Bibi Ina ili afuatwe kwa kila kitu. Tunamsimulia kwa sababu ya safari ya pili.

Baada ya kuoana, mwaka huo huo, walipanda meli kuja Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani, na wakashukia Lindi. Matayarisho ya safari kama hiyo hayakuwa mchezo. Kutoka Ujerumani unapita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, na kabla ya hapo lazima uwe na kwinini ya homa, chandarua, hema, viatu vya kutembelea na chakula cha akiba. Nyumba nzima inafungwa kwenye mizigo. Walikokuwa wakienda ni Tendaguru, kilima kilicho bara ya Lindi, mwendo wa siku tatu hadi nne kwa miguu kutoka mjini.

Huko kulikuwa na mifupa. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa mno umejitokeza ardhini, na kuanzia 1909 jumba la makumbusho la Berlin lilituma watu wake kuchimba. Yalikuwa mabaki ya dinosaria, wanyama walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wakuu wa kwanza, Werner Janensch na Edwin Hennig, waliondoka 1911. Msimu wa 1912 ukawa wa Hans Reck, pamoja na mkewe.

Tafakarini, maharusi. Fungate ya kuchimba mifupa kwenye pori la Lindi! Bibi Ina aliishi kambini, akaandika, na mwaka 1924 akatoa kitabu kizima juu ya maisha yao ya Tendaguru. Ukimsoma mwanamke wa aina hii unaona kwamba safari haikuwa starehe yake pembeni ya ndoa. Safari ndiyo iliyowakutanisha, na mwenzake alichaguliwa kwa kupimwa njiani, juu ya farasi, ndani ya baridi na msiba, miaka minne kabla ya ndoa. Wazee wetu husema mtu humjui mpaka usafiri naye. Bibi Ina alimjua.

Ila kuna jambo ambalo picha za wasafiri wa aina hii huwa haziwekwi mbele. Mabegi yao hayakuwa mgongoni mwao.

Yalikuwa kichwani mwa watu wa Lindi. Na si mabegi tu: zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka Tendaguru katika miaka ile, na hapakuwa na reli wala gari. Mfupa ulifunikwa kwa plasta au udongo, ukafungwa kwa mianzi, ukabebwa kichwani au kwenye mti begani mwa wawili, siku tatu, siku nne, mpaka Lindi, halafu mtu akarudi kuchukua mwingine. Mizigo ilihesabiwa kwa maelfu. Wachimbaji na wabebaji walifika mia kadhaa, na wengi walikuja na wake na watoto, hata pale kilimani pakawa kama mji. Mkuu wao wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, aliyeijua kazi ya mifupa kiasi kwamba Waingereza walipokuja kuchimba baada ya vita, kuanzia 1924, walimtafuta yeye huyo huyo.

Maji yalikuwa shida pale kilimani. Kila tunapofikiria kambi ya Tendaguru tunafikiria kwanza ndoo, kwa sababu tunajua ndoo za nyumba za kwetu hubebwa na nani. Na tukumbuke vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu. Vilianza 1905 katika vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, vikaenea Lindi yote, na majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula na vijiji mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanandoa waliokuja kula fungate kwa amani mwaka 1912 walipita katika nchi ya watu waliokuwa wamezika jamaa zao miaka mitano tu nyuma.

Na sasa tuwaweke kando yao wanandoa wengine, wa bahari ileile. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa Mswahili wa Bagamoyo, msomi wa dini. Mwaka 1900 alichukuliwa Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kitabu ambacho bibi harusi yeyote angefurahi kukisoma kwa habari zake za harusi za zamani. Mwaka 1904 alimuoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakafunga mizigo yao kurudi nyumbani kwa mume. Hebu fikirieni matayarisho ya huyo mke: kwenda kuishi kwa mawifi asiowajua, mji asiouona, na lugha aliyoisikia kwa mumewe tu.

Hawakufika Bagamoyo kuishi. Serikali ya kikoloni haikutaka kumuona mke Mjerumani na mume Mwafrika wakikaa pamoja katika koloni, wakakataliwa na kurudishwa Ujerumani. Hapakuwa na ugonjwa wala deni wala kosa la sheria ya Mwenyezi Mungu. Walikuwa mume na mke. Mtoro aliendelea kufundisha, akafanya kazi Hamburg, na akafariki Berlin mwaka 1927. Miaka saba baada ya hao kurudishwa, kina Reck walishuka Lindi bila kuulizwa.

Kwa hiyo kwa maharusi wenye mabegi, yaliyo muhimu kuliko viatu ni yale ambayo Bibi Bertha angeyaelewa mara moja. Cheti cha ndoa kiwe na tafsiri iliyopigwa muhuri, kwa sababu baadhi ya ofisi za viza na baadhi ya hoteli watawauliza, na majina yaliyo kwenye cheti na pasi yafanane herufi kwa herufi. Fungu la dharura liwe mikononi mwa mke pia, si mfukoni mwa mume peke yake. Swala ya msafiri jifunzeni kabla ya kuondoka, kupunguza na kukusanya, na namna ya kutayamamu. Hukumu hiyo yenyewe ilishuka safarini, msafara mzima ulipokaa mahali pasipo na maji kwa ajili ya mkufu wa Bibi Aisha (r.a.) uliopotea. Na Mtume (s.a.w.) akitaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, ya nani atoke naye. Akina mama wanaosema mke hatembezwi, wawaambie hilo kwa upole.

Hans Reck alifia safarini, Lourenço Marques, mwaka 1937, na Bibi Ina akafariki 1942. Mwaka ule ule wa 1937 mnyama mkubwa wa Tendaguru alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na mpaka leo ndio mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani. Suala la kurudishwa kwake limefika hata kwenye Bunge letu Dodoma, naye bado yuko kule. Atakayepita Berlin kiangazi hiki, jumba liko barabara ya Invalidenstraße. Mtu wa Milola akiingia, asome vibao vyote mpaka vya chini, aone majina ya waliobeba yameandikwa wapi.